Kibao cha Saba

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
juu ya duka la miwani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaoishi chini ya dari moja. Goti linaendeleaje? Na vidole? Mkeo alimwandikia Mama kwamba kazi ya ghala la baridi inakuacha ukishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Habari za vidole naziuliza kwa dhati kuliko unavyodhani, na sababu utaiona mbele.

Sisi hatujambo. Mama bado yuko chumba cha kufulia cha hospitali, bado anakunja mashuka haraka kuliko wasichana wawili, na bado anawaambia hivyo kila siku. Kifua kilimsumbua mwezi uliopita lakini kimetulia. Mimi ni mzima, ingawa yeye anasema nimekonda kwa kuwaza.

Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue bado, tafadhali. Soma kwanza.

Tangu mwaka jana mimi ndiye fundi wa piano wa Kituo cha Utamaduni cha Wafaransa, ile nyumba nyeupe yenye ngazi pana nyuma ya posta. Najua ulitegemea kwamba baada ya chuo ningefundisha fizikia. Hata mimi nilitegemea hivyo. Lakini mzee aliyekuwa akizitunza piano za hapo alinichukua kama mwanafunzi, na masikio yake yalipochoka akanikabidhi ufunguo wake wa kukazia nyuzi pamoja na kigoda chake. Piano ni mbili: kubwa ya jukwaani, na ile kongwe ya kusimama iliyo chumba cha mazoezi. Nazijua kama muuguzi anavyowajua wagonjwa wake, yupi analalamika bure na yupi anaumwa kweli.

Kila mwezi Kituo hufanya onyesho la jazi, na karibu kila mara jazi hiyo huchanganywa na muziki mwingine. Nimesikia saksafoni ikijibizana na vijana wa muziki wa kufokafoka, fidla ikitembea na ngoma nne, kodiani na kwaya ya akina mama. Watu hujaa mpaka kwenye ngazi. Naipenda jazi kwa jambo moja hasa: kila mpigaji hupewa zamu yake ya kusema, na wenzake hupunguza sauti wamsikilize. Katika ukoo wetu jambo hilo sijapata kuliona.

Hata hivyo, kuna kitu kilianza kuninyima raha. Katika kila mchanganyiko yupo anayesogea na yupo anayesogelewa. Mwezi wa Novemba alikuja mpiga filimbi ambaye filimbi yake haikupatana na piano. Noti zilizokubali zilikuwa mbili tu, basi akapiga hizo mbili onyesho zima, kama mgeni aliyekaribishwa mezani akaambiwa ale chumvi. Watu walimshangilia. Mimi nilirudi nyumbani na hasira, nisijue nimkasirikie nani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Januari mpiga piano wa bendi ya jazi ya Kituo, Mfaransa ambaye wenzake wanamwita Ngazi kwa urefu wake, aliniuliza kama namfahamu mtu anayepiga marimba. Nikasema namfahamu mmoja, anafua mashuka. Alidhani natania.

Ndiyo, Mjomba, ni marimba yako, ile ya vibao kumi na viwili. Ilikuwa chini ya kitanda cha Mama, imefunikwa shuka lenye muhuri wa hospitali, nami sikuuliza shuka hilo lilifikaje pale. Mama alikataa mara tatu. Mara ya nne alikuwa ameshavaa viatu.

Alikuja kwenye mazoezi moja kwa moja kutoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji. Alianza peke yake, na wanamuziki wote wanne wa bendi wakaacha kila walichokuwa wakifanya. Kisha piano ikaingia. Mpiga saksafoni alikunja uso kama aliyeuma ndimu. Piano yao imepimwa hatua kwa hatua, zote sawa. Marimba yako ina hatua zake. Zikipigwa pamoja ni kama watu wawili wanaobeba kabati moja kwa mwendo tofauti.

Ngazi ni mtu mwenye adabu. Aliuliza kama mbao zingeweza kurekebishwa kidogo. Mama akajibu upesi, akicheka, "Zirekebisheni tu, mwanangu, ni mbao." Nilijua kicheko kile. Ndicho anachokitoa Mama pale daktari anapomkanyagia sakafu aliyoipiga deki.

Na fundi wa kurekebisha nilikuwa mimi. Jioni ile ile, sijamuuliza mtu, nilikitoa kibao cha saba, kwa kuwa wimbo wote wa Mama unaegemea pale, nikakikwangua ncha zote mbili kwa msasa mpaka kikakubaliana na piano. Dakika ishirini. Nilijiona hodari sana.

Nilimpelekea jikoni. Alikigonga mara moja, akakitazama, akaniuliza, "Huyu nani?"

Alisema kama mtu aliyebisha hodi kwao akafunguliwa na mgeni. Ndipo aliponieleza nisiyoyajua, na nimekasirika kwamba nimefika miaka ishirini na sita bila kuambiwa. Kwamba vibao vile hukuvipima kwa chombo chochote. Kwamba Bibi alikuwa akianua nguo huku akiimba kwa mdomo uliofumbwa, nawe umekaa kwenye ngazi ya uani na kisu, unachonga na kugonga, unachonga na kugonga, mpaka yeye atikise kichwa kukubali, ndipo unaenda kwenye kingine. Kwamba Bibi hakurekodiwa hata siku moja. Kwamba sauti yake iliyobaki duniani imo kwenye mbao kumi na mbili.

Kumi na moja, Mjomba. Ile ya saba nimeifuta mimi. Wanasema majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu ndiye aliyeshika msasa.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nilikwenda kwa Mkurugenzi wa Kituo. Ni mama mwembamba anayesema Kiswahili kama mtu anayevuka barabara, anaangalia kulia na kushoto kabla ya kila neno. Nilimwambia marimba haitakwanguliwa tena. Piano ndiyo itakayosogea.

Fundi wa taa alikuwepo, akifunga waya. Alisema, "Kitanda hakiingii mlangoni, dada anataka kuhamisha nyumba."

Nikamwambia, "Nyumba hii ina skrubu. Inahamishika na inarudishwa. Mbao hairudi."

Mkurugenzi akauliza, "Na uzi ukikatika?"

"Nitafunga mwingine. Ndiyo kazi mliyonipa."

Piano kubwa ina mgeni wake wa muziki wa kale siku tisa baada ya onyesho letu, na akiikuta imepinda sina kazi tena. Nilimwambia hilo mimi mwenyewe kabla hajanieleza. Mwishowe alikubali kwa masharti mawili: nijaribu kwanza kwenye ile kongwe, na siku nne kabla ya onyesho marimba iwe kamili, vibao vyote kumi na viwili. Ikiwa na pengo, Mama anaondolewa kwenye ratiba na wale wanne watapiga peke yao.

Basi nikaijaribu ile kongwe. Marimba ina noti tano zinazojirudia, kwa hiyo nilizisogeza nyuzi za vitufe vitano kila zinaporudi, chini mpaka juu, na vingine nikaviacha mahali pake. Ilinichukua siku tatu, kwa sababu nyuzi kuukuu zina ukaidi wa wazee: unazivuta, zinakubali, ukigeuka zinarudi. Ngazi alipoketi alipiga mara moja, akatoa mikono. "Piano imelewa," akasema. Kisha akapiga tena, akagundua kwamba sasa ana nyumba mbili ndani ya piano moja, yake na ya Mama, na kwamba anaweza kutoka hii kuingia ile kwa kidole kimoja. Hakuinuka kwenye kiti kile saa mbili nzima.

Sijui niandikeje jinsi ilivyosikika. Nimesoma mengi juu ya mawimbi ya sauti na hakuna hata moja lililonisaidia. Besi ilikuwa inatembea, saksafoni ikauliza kitu, na Mama akajibu, macho ameyafumba, kiwiko chake cha kulia kimetoka nje kama anakunja shuka na mtu asiyeonekana upande wa pili.

Na kila alipofika kwenye ya saba, fimbo yake iliruka juu ya pengo, maana kibao nilichokikwangua alikataa kukirudisha. Mpiga ngoma, kwa wema wake, akaanza kulijaza kwa kugonga ukingo wa ngoma. Mama akasimamisha muziki wote. Akamwambia, "Usinijazie, baba. Mwenye nafasi yake anakuja."

Nami nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu, asubuhi ile ile, akiniambia nisijisumbue kukuandikia, hutajibu. Hukujibu barua zake tatu. Anasema maneno yalikuishia pale ulipofika siku mbili baada ya mazishi ya Bibi, ukakaa kwenye ile ngazi ya uani, ukaondoka bila kuigusa marimba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuona dirishani. Sikulaumu. Lakini siwezi tena kuuheshimu ukimya huo, kwa sababu sasa unagharimu sauti yake.

Ningeweza kukirudisha kibao mimi. Ningepima cha pili, ambacho ni ndugu yake wa chini, nikazidisha mara mbili, nikakwangua tumboni mpaka kishuke. Mama amekataa. Anasema Bibi alipopanda juu alikuwa anachoka kidogo, anashuka unywele mmoja, na unywele huo haumo kwenye fizikia yangu. Umo sikioni mwako peke yako. Yeye anajua tu kwamba hiki sicho; jinsi kilivyolia zamani anashindwa kuimba.

Sasa fungua kifurushi. Nimekifunga kwa lile shuka la hospitali, kipande chake. Nimekuwekea na msasa laini, ingawa nadhani utatafuta kisu. Usinitumie kibao kipya. Nahitaji hiki hiki, chenye alama za kidole chako upande wa chini.

Onyesho ni Alhamisi, tarehe 24 Aprili. Posta huchukua siku nane kuja na nane kwenda. Mimi piano nitaigeuza hata hivyo. Ufunguo wa nyuzi ninao hapa mezani ninavyoandika.

Mama anakusalimu, ingawa amesema nisiandike kwamba amekusalimu. Babu wa miwani hapa chini naye anakusalimu na kusema fremu uliyomtengenezea bado haijalegea. Nisalimie mkeo kwa heshima, na wale pacha, Kelele na Taratibu, waambie binamu yao anawadai picha. Mungu avipe vidole vyako joto.

Barua unaweza kuiweka kwenye droo pamoja na zile tatu, nakujua. Ila kibao kigonge mara moja tu, Mjomba. Halafu nyamaza, kama utaweza.

Mpwa wako akupendaye, ujibu usijibu,

Fundi wa Piano