Nyumba Sita Zilizofungwa

Dar es Salaam, 8 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na funga inakwenda vizuri. Goti la Mama linaendeleaje?

Kondakta wa basi atakukabidhi vikombe kumi vya plastiki, namba 1 hadi 10, kimoja kwa kila nyumba. Vinapima radoni, gesi yenye mionzi inayotoka kwenye udongo na mawe. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na haiungani kirahisi na kitu chochote. Ukiivuta kwa wingi miaka mingi inaweza kukuletea saratani ya mapafu. Utafiti wangu wa shahada ni kupima nyumba za hapo Mtunda. Naomba uvitundike vyumbani, nyumba kumi, siku tisini. Kwenye karatasi niliyoambatanisha, jaza tarehe ya kutundika na ya kutoa.

Mwanao,
Rukaiya

Mtunda, 11 Juni 2025

Mwanangu Rukaiya,

Marahaba. Hatujambo. Goti la mama yako limepona, huuma siku ya kupalilia tu.

Nilivitundika 12 Machi, nimevitoa jana. Siku tisini kamili. Bibi Yasmin aliuliza kikombe kisichotiwa chai ni cha kazi gani. Nikamwambia, cha mwanangu.

Baba yako,
Tamimu

Dar es Salaam, 2 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima, ila mawazo mengi. Nyumba sita zimetoa vipimo zaidi ya mara mbili ya zile nne, na udongo ni uleule. Msimamizi wangu, Daktari Saidy, anasema vikombe vilichezewa, vipimo vyote vitupwe. Vikitupwa, naanza upya. Niambie kweli, kuna ulivyovihamisha? Sitakasirika.

Mwanao,
Rukaiya

Mtunda, 6 Agosti 2025

Rukaiya,

Marahaba. Wewe hutakasirika, mimi nimekasirika. Hakuna kikombe kilichoguswa. Karatasi yako ilikuwa na mistari miwili, nikajaza miwili. Daftari langu la kila siku lina zaidi. Nanakili:

"20 Aprili. Tumehamia madunguni, vibanda vyetu vya shambani, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Nimefunga milango na madirisha. Wengine waliofunga: namba 2, 3, 5, 8 na 9."

"30 Mei. Tumerudi sote."

Yetu ni namba 1. Hukuniandikia ni nyumba zipi zilizozidi. Linganisha.

Baba yako,
Tamimu

Dar es Salaam, 15 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Ni zilezile sita.

Nilimsomea Daktari Saidy barua yako. Aliiomba aisome mwenyewe. Akanieleza kuwa mwaka 1899 watafiti waliona vipimo vya madini ya thoriamu vikiyumba mlango wa maabara ukifunguliwa. Ndipo wakatambua kuna gesi inayopeperushwa, ya jamii hii hii. Nusu ya radoni huoza kwa siku kama nne, lakini ardhi inaendelea kuitoa, na nyumba iliyofungwa huilimbikiza. Mkirudi kutoka dunguni, fungueni madirisha kutwa nzima kabla ya kulala.

Vipimo vyote vimekubaliwa. Ukurasa wa kwanza wa ripoti umeandikwa: "Kumbukumbu za nyumba: Tamimu Gharibu, Mtunda." Daktari anauliza ulianza lini kuandika.

Mwanao,
Rukaiya

Mtunda, 19 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, na nimekwisha kusamehe.

Mwambie tangu 4 Januari 1988, baada ya kumaliza kidato cha nne. Leo nimeandika hivi: "Barua ya Rukaiya imefika. Nimewasomea watu msikitini baada ya Alasiri, mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyeniomba niisome."

Baba yako,
Tamimu