Kanali Kwenye Mzani wa Athmani

Jumatatu, 7 Julai
Nyani tena shambani. Kanali kawafukuza mpaka mtoni. Mbwa wangu anawashinda vijana wote wa Kulesa, na mimi mwenye mbwa nawashinda mara mbili.

Kadzo, mdogo wangu, anajikuna mguu tu. Chini ya wayo ana mstari mwekundu, umepinda kama njia ya siafu, na kila siku unasonga. Jirani anasema katupiwa kitu. Nyoo!

Jumanne, 8 Julai
Nimembeba Kadzo mpaka zahanati. Nesi katazama mara moja tu. Si uchawi. Ni vitoto vya minyoo ya mbwa. Mbwa anakunya mchangani, mtoto anacheza pekupeku, minyoo inapenya ngozi. Kadzo kapewa dawa. Sisi wengine tumepewa vidonge vya minyoo ya tumboni, tumeze wote Jumapili.

Baba kasikia neno moja: mbwa. Kasema Jumapili Kanali anakula sumu. Sumu ya panya ipo, nimeiona juu ya kabati.

Hasira mpaka masikio yanawaka. Mahindi yatalindwa na nani? Kuku?

Jumatano, 9 Julai
Baiskeli mpaka Garsen, kwa afisa wa mifugo. Kauliza mbwa ana kilo ngapi. Nikasema ni mzito. Kacheka. Dawa inakwenda kwa kilo, nikampime.

Mzani ni mmoja kijijini, wa Bwana Athmani mnunua mahindi. Alipomwona Kanali karuka. "Mbwa kwenye mzani wangu? Utauosha mara saba wewe?" Nikamwambia, ami, yeye hagusi, nagusa mimi. Nikapanda peke yangu: hamsini na mbili. Nikashuka, nikambeba Kanali, nikapanda tena. Athmani kasimama mbali, kanzu kaishika juu, akasoma kwa sauti: sabini!

Kumi na nane basi. Na shule niliacha darasa la sita. Ningemaliza ingekuwaje?

Alhamisi, 10 Julai
Garsen tena. Matako yanauma. Nimepewa vidonge viwili. Nikavificha kwenye ugali. Kanali kala ugali, katema vidonge. Nikavirudisha ndani ya kambare wa kuchemsha. Vimekwenda. Afisa kasema dawa peke yake haitoshi, kinyesi kizolewe kila siku kifukiwe.

Ijumaa, 11 Julai
Kanali hulala na kunya kwenye lundo la mchanga wa Baba. Mchanga wa kujengea nyumba ya mawe, uko uani tangu sijaota ndevu. (Bado, lakini zinakuja.) Kadzo hucheza hapo hapo.

Nimezoa mavi yote, nimechimba shimo refu, nimefukia. Mchanga nimeuzungushia miba ya mathenge pande zote. Baba kaja. Nani kafunga mchanga wake? Mimi. Nikamwambia mbwa hana kosa. Kosa ni mchanga kuachwa wazi, na uchafu kutozolewa. La kwanza lako, Baba, la pili langu.

Kauzunguka uzio wa miba, kaingia ndani.

Jumapili, 13 Julai
Mama kagawa vidonge. Baba kakataa, yeye si mbwa. Nikasema Kanali kameza viwili bila kelele. Hawe, bibi yetu, kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Baba kachukua chake kaingia ndani. Kama kameza, sijui.

Nimeshinda na Kanali kutwa nzima. Sahani yake nimeikalia. Mwenye sumu aje aninyanyue kwanza.

Hakuja mtu.

Jumapili, 20 Julai
Kadzo kalala vizuri. Mstari umefifia. Anatembea na ndara zangu, kubwa kama mitumbwi. Nimemwachia.

Alfajiri Baba kachukua jembe aende kwenye mahindi. Kufika njiani kapiga mluzi. Nikainuka. Hakuwa ananiita mimi.

Kanali kamfuata.