Kipimajoto cha Ofisini

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Tatu.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima, na goti lako limepunguza ukorofi. Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila jua halina huruma. Mama anakusalimu, anasema hata sauti yako ya kwenye simu imekonda.

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu. Naona haya, Dada, na kwako zaidi kuliko kwa mtu mwingine.

Unakumbuka kipimajoto ulichonitumia nilipopewa ualimu mkuu? Nyuma yake ulibandika karatasi, kwa mwandiko wenu ninyi wauguzi: "Kitundike penye joto, wanapokaa watu. Kikipita thelathini na tano, wapumzishe." Nilikujibu kwamba nimekitundika. Sikukuambia kwamba nimekitundika ofisini kwangu, pembeni ya feni, wageni wakione.

Kila siku kilisoma ishirini na nane. Basi wanafunzi wakasimama mstarini juani, nami nikawahutubia kuhusu uvumilivu. Mwalimu wa michezo aliomba mbio zihamie asubuhi na watoto waruhusiwe chupa za maji darasani, nikamwonyesha ukutani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye feni ndiyo usiseme.

Mpishi wetu, tunayemwita Mama Mwiko, naye akaja. Aliomba apikie nje chini ya turubai, maana jiko letu ni la bati na lina mlango mmoja tu. Nilimpeleka mbele ya kipimajoto, nikakigonga kwa kidole. "Mama, joto gani? Ishirini na nane hii." Alikitazama kidogo, akasema, "Haya, mwalimu mkuu," akarudi jikoni.

Jumanne akaanguka kando ya sufuria ya maharage. Mwili unawaka, maneno hayaeleweki. Walimu walimbeba hadi kivulini wakammwagia maji, mimi nimesimama tu kama mgeni. Hospitali walimlaza siku tatu. Nashukuru Mungu aliangukia upande wa mlango, si wa moto.

Jumanne hiyo hiyo jioni nilikipeleka kipimajoto jikoni. Moto ulikwisha kuzimwa, lakini kilipanda hadi arobaini na moja. Sikumaliza dakika kumi humo ndani.

Sasa anayeshika zamu yake anapikia chini ya turubai, mstari ni wa dakika tano barazani, na kila mtoto ana chupa yake ya maji. Usinisifu. Mengi ya hayo mwalimu wa michezo aliyasema mwezi uliopita.

Jana nilikwenda nyumbani kwa Mama Mwiko kuomba radhi. Nilijiandaa kutukanwa, na ningeshukuru. Akanivutia kiti.

"Ulivyonionyesha kile chombo niliona aibu, mwalimu," akasema. "Nikajiambia, kumbe joto hakuna, ni uvivu wangu tu. Ndiyo maana kichwa kilipoanza kuniuma sikuja tena kukusumbua."

 

Nisalimie shemeji, na yule binti yako anayetaka uuguzi kama wewe, mwambie asiache. Mungu awafunike kwa kivuli chake.

Nisamehe na wewe. Kipimajoto kinabaki na mpishi, chini ya turubai, na karatasi yako nimeihamishia mbele.

Akupendaye, ingawa leo asingeweza kukutazama usoni,
Mdogo wako