Bati Juu ya Kitanda Changu

Anis,

Assalaam aleikum. Idara ya hali ya hewa imetangaza mvua kubwa na upepo mkali pwani nzima, tangu leo hadi Ijumaa. Nguo za watoto nimezianua. Wakirudi chuoni, usiwalaze kando ya ukuta wa chumba changu, kwa kuwa maji yatapita hapo. Tekeni maji ya kunywa mapema.

Asubuhi nilipokusomea utabiri huo na kukuomba tena ubadilishe bati lililotoboka juu ya kitanda changu, ulicheka: "Dada, mgeni naye huchagua paa?" Mkeo Alawiya akaongeza, "Mwalimu, hapa si darasani." La darasani nimemsamehe.

Mgeni! Katika nyumba ya baba yetu, ambamo nilikubeba mgongoni.

Nimekwenda Bombolulu, kwa mwalimu mwenzangu Pascalia. ~~Nitarudi Jumamosi inshallah.~~ Nitarudi bati likishabadilishwa.

Beseni liko juu ya kitanda changu. Likijaa usiku, amka ulimwage, kama nilivyokuwa nikifanya msimu mzima nanyi mmelala.

Dada yako mkubwa