Joka Lililokuwa na Sauti Yangu

Kaka Shabani,

Shikamoo. Naandika humuhumu kwenye grupu la wachezaji, mbele ya wote, kwa sababu ni humu nilimokukosea.

Unakumbuka sebuleni kwetu Kisarawe, kompyuta yako ya mtumba ikichemka hadi tunaiwekea feni ya mama? Gemu yetu ya majoka na wachawi ilikuwa ya maandishi matupu, tena ya Kiingereza. Wewe ulishika kipanya, mimi nikasoma na kutafsiri. Joka la mlangoni nililipa sauti ya Shangazi wa Dutumi: "Nyie watoto, mmenawa miguu?" Ulicheka mpaka tukauawa. Kisha ukasema, "Rudia hapo, Zuhura."

Ukapata kazi Songea, ukaoa. Mimi sasa ni karani wa masjala hapa Kibaha. Nahakiki jalada mara tatu kabla ya kulipeleka kwa bosi.

Toleo jipya la gemu yetu lilipotoka, watu humu waligawanyika. Wahusika sasa wanaongea wenyewe, kwa Kiswahili. Wengine wakasema hatimaye tunaelewa, wengine wakasema ladha imekwisha. Wewe uliisifu, ukaweka picha: wewe na wifi Rehema mmeegemeana mbele ya kompyuta. Chini yake uliandika, "Siku hizi sihitaji mtu wa kunisomea."

Najua hukukusudia kuniumiza. Lakini jioni ile nilifungua akaunti ya jina la uongo. Yule mkosoaji mkali mnayemwita Mzee wa Upanga ni mimi. Nilisema joka linaongea kama mpiga debe wa kituo cha Kwa Mathias, mkacheka sana. Sikuwa nimeicheza hata dakika moja. Nilimwonea wivu wifi kwa kukaa kwenye nafasi yangu, na nililionea wivu hata joka.

Kisha nikajisahau, nikaandika kwamba joka la kweli huuliza kama mmenawa miguu. Ukauliza, "Zuhura, ni wewe?"

Niliogopa. Nikajibu, "Simfahamu huyo."

"Samahani, mzee wangu," ukaandika. "Nilidhani ni mdogo wangu. Amenisusa, sijui nimemkosea nini."

Tangu hapo hujaandika tena humu. Ulinipigia simu mara mbili, sikupokea kwa aibu.

Jana niliicheza mpaka nikafika mlangoni. Sauti ya joka ni nzuri, kaka. Nilitamani iwe mbaya. Nikaizima sauti hiyo, maandishi yakatokea chini kwenye kioo, nikayasoma kwa sauti ya Shangazi. Hakuna aliyecheka.

Zuhura ninamfahamu. Hukumkosea kitu.

Jumapili mchana nitapiga. Weka simu kwenye spika, wifi naye asikie. Nikimaliza kuwasomea maneno ya joka, usijisumbue kuniambia umenisamehe. Sema tu, "Rudia hapo."

Mdogo wako aliyekuwa akikusomea,
Zuhura