Nilivyomsingizia Nekesa

Donholm, Nairobi
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko? Mimi mwili ni mzima, ila nina aibu, na ningependa uyasikie haya kwangu kabla hujaambiwa na watu.

Unajua ni Nekesa, binti wa jirani yetu, aliyeniombea kazi hapa mtaa wa Fedha, kwenye ofisi ya kutengeneza tovuti. Yeye ndiye anayetunza seva, ile kompyuta inayohudumia tovuti zote. Juzijuzi niliandika programu ya kliniki moja, ili wagonjwa wajiandikishe kwa simu. Nilipoijaribu mwenyewe ilienda vizuri. Ilipowekwa kwenye tovuti, haikuhifadhi jina hata moja. Siku mbili akina mama wenye watoto wachanga walifika kliniki wakarudishwa.

Mkubwa wetu alipouliza, nilisema, "Programu yangu ni nzima. Seva ndiyo mbovu." Nekesa aliomba aangalie kwanza. Hakupewa nafasi, aliambiwa akae nyumbani.

Seva nikaachiwa mimi. Ndipo nikaifanya programu iandike kila inachopokea kutoka kwa seva, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Mama, kosa lilikuwa langu. Mahali yanapohifadhiwa majina nilikuwa nimepaandika kwenye mipangilio ya akaunti yangu ya kompyuta. Nikiiendesha mimi, programu inapaona. Seva huiendesha kwa jina lake yenyewe, na mipangilio yangu haiijui. Niliongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, kazi ikaisha.

Siku tatu sikumwambia mtu. Wenzangu walinisifu, nami nikanyamaza. Siku ya nne nilimweleza mkubwa, kisha nikaenda kwa Nekesa, mtaa wa Umoja. Nilimkuta anafua. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakufoka.

"Barasa, ungeniuliza tu, ningekuonyesha," alisema, akaendelea kusuuza nguo.

Amerudi kazini. Mimi nimepewa onyo kwa barua, na ni haki yangu. Nekesa ananisalimia, tena kwa adabu, lakini zile stori zetu za nyumbani zimekwisha.

Nisalimie Baba, na dada Naliaka na cherehani yake, na mjomba anayekuletea kuni. Kwa mama yake Nekesa usiniombee msamaha. Nikija, nitaenda mwenyewe, kabla hata ya kuingia kwetu.

Ni mimi mwanao,
Barasa