Nukta Iliyotoka Nje ya Karatasi

Neema mjukuu wangu,

Huku mjini Malvern tu wazima, bibi yako anakusalimu, nami bado kijana wa mjini. Unasema kikokotoo chako cha grafu kikipewa orodha ya namba kinapanga vipimo chenyewe, kila nukta ionekane. Unauliza sisi tulifanyaje. Tulichora kwa mkono, kwa vipimo vya mwalimu. Tulipima urefu wa mahindi ya bustani ya shule. Yangu yaliyapita ya darasa zima, nukta ikatoka nje ya karatasi.

"Ifute, inaharibu grafu," mwalimu akasema.

"Mwalimu, tuunge karatasi, mahindi hayarudi chini!" nikamjibu.

Darasa likacheka. Akanifukuza, na shule yangu ikaishia hapo.

Nakufurahia, mama, lakini mashine yako imenitia uchungu. Kumbe ilitosha kubadili vipimo vya grafu tu.

Babu yako